Wiki 12 za yoga kwa njia ya video: mgongo umenyooka, ngozi ya tangazo bado naisubiri

Nilijiandikisha katika kozi hii ya yoga kwa sababu ya picha. Sisemi picha za tangazo lao, ambazo nazo zilikuwa nyingi, bali picha yangu mwenyewe iliyopigwa kwa upande katika sherehe moja bila mimi kujua. Humo sikio langu lilikuwa limelitangulia bega kwa karibu upana wa kiganja, mgongo umepinda kama wa mtu anayetafuta sindano sakafuni, na uso umekunjamana, ilhali nakumbuka vizuri kwamba siku ile nilikuwa na furaha. Kazi yangu ni ya mezani, ya saa nane hadi tisa kwa siku mbele ya kompyuta, na nilikuwa sijatambua kwamba umbo la kiti lilikwisha kuhamia mwilini mwangu. Basi tangazo lililoahidi "uzuri wa ndani na wa nje kwa wiki 12" liliponifikia, lilinikuta katika hali ya kuamini lolote, na nikalipa siku ileile.

Huduma yenyewe imepangwa hivi. Kila wiki kuna masomo matatu ya video, kila moja la dakika 45, pamoja na kipindi kimoja cha moja kwa moja ambapo wanafunzi huwasha kamera ili mwalimu awatazame na kuwasahihisha. Wiki nne za mwanzo ni za mikao ya kusimama na za kupumua. Nne zinazofuata ni za kuinama, kujipinda na kusimama kwa mguu mmoja. Na nne za mwisho ni za mikao ya kichwa chini miguu juu, zikiambatana na kile walichokiita yoga ya uso. Wanashauri uwe na mkeka, mshipi, matofali mawili ya sponji ngumu na blanketi. Mimi nilinunua mkeka peke yake. Mshipi nikatumia mkanda wa koti kuukuu, na matofali nikatumia vitabu viwili vinene nilivyovifunga kwa utepe, wala sikupungukiwa na kitu. Matumizi ya vifaa hivi yalienezwa zaidi na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyeishi kuanzia mwaka 1918 hadi 2014, ambaye alianza yoga akiwa kijana dhaifu aliyeandamwa na maradhi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba anayeegemea tofali amefanya yoga nusu.

Somo la kwanza lote, dakika 45 kamili, lilikuwa la kusimama tu. Nilikasirika kidogo, kwani nilidhani kusimama nakujua tangu nina mwaka mmoja. Mwalimu alianzia kwenye nyayo: kidole gumba cha mguu kikandamize mkeka, uzito urudi kidogo kwenye visigino, magoti yasifungwe kwa kusukumwa nyuma bali misuli ya mapaja iyainue. Akapanda hadi kwenye nyonga, akaeleza jinsi wengi wetu tunavyotanguliza tumbo na kubinua kiuno tukidhani ndiyo kusimama wima, kisha akafika mbavuni, mabegani, na mwisho kichwani, ambapo alitaka sikio liwe juu ya bega na bega liwe juu ya nyonga. Nilipodhani tumemaliza, akasema kwa sauti ya utulivu: "Legezeni taya, ulimi ulale. Hapa hakuna anayewapiga." Ndipo nilipogundua kwamba meno yangu yalikuwa yamebanana kwa nguvu, na kwamba huenda yamebanana hivyo kwa miaka. Nilimaliza somo nikiwa nimelowa jasho bila kusogea hatua moja.

Sababu ya kulipa uzito jambo hili si ngumu kuielewa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayokibeba; kikitangulia mbele, misuli ya shingo na ya mgongo wa juu hulazimika kukivuta kisianguke, nayo hufanya kazi hiyo kutwa bila kupumzika. Misuli iliyochoka hivyo hukaza, mabega hupanda kuelekea masikioni, kifua hufunga, na mtu huonekana mfupi, mzee na mwenye huzuni hata kama hana moja kati ya hayo. Hiyo ndiyo hitilafu niliyoiona katika picha yangu, na ndiyo iliyorekebishika mapema kuliko zote. Katika wiki ya 8 nilimwomba mtu wa nyumbani anipige picha nyingine ya upande, sikio likawa limerudi karibu na mahali pake. Shati ambalo lilikuwa likinibana mgongoni na kuning'inia kifuani lilianza kukaa kama alivyolikusudia aliyelishona. Mwenzangu kazini aliniuliza kama nimepungua uzito, nami nilijua kwamba mzani haujasogea hata nusu kilo.

Hapo inabidi nitaje dosari ya kwanza ya kozi, kwa kuwa tangazo lao linasema masomo matatu kwa wiki yanatosha "kuyeyusha mafuta". Hayatoshi. Yoga ya mwendo wa polepole kama hii haitumii nguvu nyingi za mwili, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha wastani, yaani yale yanayopandisha mapigo ya moyo, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Niliendelea na matembezi yangu ya jioni muda wote wa kozi, na nadhani anayetaka kupunguza tumbo ajiandae kufanya vivyo hivyo badala ya kuulaumu mkeka.

Somo ambalo ningelilipia hata kama lingeuzwa peke yake ni la wiki ya tatu, la kupumua, ambalo kwa jina lake la Kisanskriti huitwa pranayama. Halina maajabu. Unalala chali, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja tumboni na kingine kifuani, unavuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4 na kuitoa ukihesabu hadi 6, ukihakikisha kwamba mkono wa tumboni ndio unaoinuka kwanza. Kila pumzi ikichukua sekunde 10, unapata pumzi 6 kwa dakika, ambapo mtu aliyekaa kimya kwa kawaida huvuta pumzi 12 hadi 20. Tunapotoa pumzi, moyo hupunguza kasi kidogo kwa amri ya neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo pumzi ya kutoka ikirefushwa, sehemu ile ya mfumo wa neva inayoutuliza mwili hupata nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi yake. Dakika mbili za mwanzo nilihisi kama nakosa hewa na nikataka kuacha. Kufikia dakika ya tano mkono wa kifuani ulikuwa umetulia tuli, na kufikia ya kumi nilikuwa nimelala usingizi na video inaendelea yenyewe.

Nimeutaja usingizi kwa makusudi, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya ule "mng'ao" unaosifiwa kwa wanayoga hutoka huko wala si kwenye mkao wowote wa ajabu. Mtu aliyelala vizuri huamka na macho meupe, kope hazijavimba, na rangi ya uso haijafifia. Zaidi ya hapo, msongo wa muda mrefu hukifanya kiwango cha homoni ya kotisoli kikae juu, na kotisoli nyingi hudhoofisha kolajeni, ile protini inayoishika ngozi isilegee. Msongo huohuo huchochea chunusi na ukurutu kwa wenye mwelekeo wa kuvipata. Kwa njia hiyo ndefu, yoga inaweza kuifikia ngozi. Ila njia ni ndefu kweli: tabaka la juu la ngozi huhitaji takriban wiki nne kujibadilisha lote, na kadiri umri unavyosonga muda huo huongezeka, kwa hiyo ahadi yao ya "ngozi ing'aayo kwa siku 7" imeshindwa na hesabu kabla hata haijajaribiwa. Wekundu unaouona usoni mara baada ya somo ni damu iliyopanda, nao huondoka kabla hujamaliza kuoga.

Madai ya kuondoa sumu ndiyo yaliyonichosha zaidi. Katika kila mkao wa kujipinda tuliambiwa kwamba tunayakamua maini na figo kama kitambaa cha kudekia ili sumu zitoke na ngozi itakate. Maini na figo hazikamuliwi. Huchuja damu usiku na mchana, uwe umejipinda au umelala, na jasho ambalo walilisifu kuwa ni taka zinazotoka mwilini ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa. Kujipinda kuna faida yake halisi, nayo ni kuupa uti wa mgongo mwendo ambao kiti hakiupi kamwe, na nilipojaribu kutazama nyuma nikiendesha gari niliiona tofauti bila kuambiwa na mtu. Kwa nini faida ya kweli ifunikwe na ya kubuni, sikuelewa.

Kuhusu yoga ya uso, nilitegemea kuicheka na sikuicheka kabisa. Ni mazoezi ya kutabasamu huku midomo imefunika meno, kuinua mashavu kwa vidole, kujaza hewa upande mmoja wa shavu na kuihamishia wa pili. Ukiyafanya, mlango ufunge. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichapisha utafiti wa wanawake wenye umri wa kati ya miaka 40 na 65 waliofanya mazoezi ya namna hiyo kwa wiki 20, na madaktari wa ngozi waliotazama picha zao waliwakadiria kuwa wanaonekana wadogo kwa karibu miaka mitatu. Kozi inautaja utafiti huo kwa fahari, lakini haisemi kwamba walioanza walikuwa 27 na waliomaliza 16, kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia, wala kwamba wiki nane za mwanzo zilidai dakika 30 kila siku. Dakika tano walizotupa wao mara tatu kwa wiki haziwezi kupewa sifa hiyo. Mimi nilichofaidi ni kujua uso wangu ulipo: siku hizi nikisoma barua ngumu nahisi nyusi zinavyokaribiana, nami huziachanisha.

Sasa nije kwenye mambo mawili ya usalama, ambayo kwa maoni yangu ni mazito kuliko madai ya ngozi. Katika wiki ya sita kifundo cha mkono wangu wa kulia kilianza kuuma kila nilipokaa mkao wa mbwa anayejinyoosha, ule wa mikono na miguu chini, makalio juu. Video ilirudia tu kwamba maumivu ni "mwili unajifunza". Nilipouliza katika kipindi cha moja kwa moja, mwalimu aliniomba nisogeze kamera chini, akatazama viganja vyangu kwa muda mfupi, akasema: "Uzito wote umeuweka kwenye kisigino cha kiganja. Tandaza vidole, kandamiza shina la kidole cha shahada na la kidole gumba, halafu kunja magoti kidogo ili mgongo urefuke." Maumivu yalikoma baada ya siku chache. Sentensi mbili tu, nazo hazikuwamo katika masomo 18 ya video niliyokuwa nimekwisha kuyatazama.

La pili lilihusu kusimama kwa kichwa, kulikoletwa katika wiki ya tisa chini ya maelezo kwamba damu ikishukia usoni hufuta mikunjo. Hakuna onyo lililotangulia. Presha ya ndani ya jicho hupanda sana mtu anapokuwa kichwa chini, hata kufikia takriban maradufu, kwa hiyo mwenye glakoma, ugonjwa wa macho unaoharibu neva ya kuona, hapaswi kuujaribu mkao huo, na mwenye shinikizo la juu la damu au tatizo la shingo anahitaji ushauri wa daktari kwanza. Mwanafunzi mwenzetu mmoja, mama mtu mzima ambaye tayari anatumia dawa ya matone ya macho, aliuliza kwa bahati tu. Mwalimu alimjibu palepale: "Mama, huo usiufanye kabisa. Wewe lala chali, miguu ukutani, inatosha." Jibu lilikuwa sahihi na la heshima, lakini lilipaswa kuwa sekunde ya kwanza ya video, kwa ajili ya wale wasiokuja kuuliza.

Nimeacha uzuri wa ndani mwisho kwa sababu ndipo kozi hii ilipopanda juu kabisa na pia ilipojipinga yenyewe. Kuuza yoga kama siri ya urembo si jambo la leo: Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga mwaka 1899 na kufundishwa na mwalimu wa yoga Krishnamacharya huko Mysore, India, alifungua darasa lake Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, na waigizaji wa sinema kama Gloria Swanson walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Wala uzuri wa mwili si kitu kigeni katika mafundisho ya kale yenyewe. Yoga Sutra, maandishi ya kale ya India yanayohusishwa na mwenye hekima aitwaye Patanjali, zinautaja katika sura ya tatu pamoja na nguvu na ugumu wa almasi kama ukamilifu wa mwili, ila sura hiyohiyo inatahadharisha kwamba vipawa vinavyopatikana njiani vinaweza kumzuia mtu asifike, na mwanzo kabisa wa maandishi hayo yoga inaelezwa kuwa ni kuutuliza mchafuko wa akili. Somo la wiki ya kumi lilieleza haya kwa uaminifu, likakaa muda mrefu juu ya santosha, yaani kuridhika, na juu ya ahimsa, kutodhuru, ambako mwalimu alitutaka tuanze na maneno tunayoiambia miili yetu wenyewe mbele ya kioo.

Jioni ileile niliyomaliza somo la kuridhika nilipokea barua pepe kutoka kwa waendeshaji haohao, yenye picha ya tumbo la kabla na tumbo la baada, na swali: je, bado unaficha mwili wako? Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na sikupata mfano mzuri zaidi wa mkakasi kuliko barua ile. Huwezi kumfundisha mtu asubuhi aache kujichukia kisha jioni umuuzie dawa ya kujichukia. Niliandika malalamiko, nikajibiwa kwa adabu kwamba barua hizo hutumwa na mfumo wenyewe.

Hata hivyo, somo lilikwisha kuniingia. Katika wiki ya 11 nilikosana na ndugu yangu kuhusu jambo la kifamilia ambalo hurudi kila mwaka kama msimu, nami nikamrekodia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kabla ya kuutuma niliona kwamba mabega yangu yamepanda na pumzi imekwama juu kifuani, kama siku ile ya somo la kwanza. Nikaketi, nikahesabu 4 ndani na 6 nje mara kumi hivi, kisha nikausikiliza ujumbe wangu. Ile sauti ilikuwa ya mtu ambaye nisingependa kukaa naye meza moja. Niliufuta, nikarekodi mwingine wa nusu dakika, wenye hoja zilezile, na ndugu yangu alinipigia simu badala ya kunijibu kwa ujumbe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Sidai kwamba nimekuwa mpole. Mume wa dada yangu angecheka akisoma hivyo. Nasema tu kwamba kati ya hasira na mdomo sasa kuna nafasi ndogo, na kwamba uso uliokuwa ukijikunja katika picha ulikuwa ukijikunja kwa sababu nafasi hiyo haikuwapo.

Kwa mtu anayefikiria kujiandikisha, maoni yangu ni haya. Mwalimu wa vipindi vya moja kwa moja anajua kazi yake na anaona hata kupitia kamera mbovu. Ukikosa vipindi hivyo, unabaki na video ambazo baadhi yake ni nzuri na baadhi ni tangazo lililovaa nguo za mazoezi. Anayeumwa mgongo wa chini kwa muda mrefu ana sababu ya kujaribu, kwani Chuo cha Madaktari wa Marekani kiliiorodhesha yoga mwaka 2017 miongoni mwa tiba zisizo za dawa za tatizo hilo, mradi aanze taratibu na aseme mapema kinachomuuma. Mjamzito, mwenye glakoma, mwenye presha na aliyewahi kuumia shingo asiguse wiki za mwisho kabla ya kuzungumza na daktari. Anayetafuta kuondoa madoa usoni aende kwa daktari wa ngozi na ajikinge na jua.

Katika nyota tano nawapa tatu: mbili za mwalimu, moja ya somo la pumzi. Wamenitumia mwaliko wa hatua ya pili, unaoitwa "ng'aa zaidi", nami sijaulipia. Mkeka bado umetandikwa kando ya kitanda, na kila usiku kabla ya kuzima taa nalirudia somo la wiki ya tatu, ambalo hadi leo sijawahi kulifikisha mwisho nikiwa macho.